Naomba Kiti Kimoja Tu

Mlionifuata tangu mwanzo mnakumbuka niliishia kwenye ofisi ya mirathi, nimeshika kiuno, namfokea binti wa watu hadi karani akauficha mhuri wake kwenye droo. Anayenikuta leo hajachelewa. Aibu zote zilizotangulia ni utangulizi tu.

Mjomba wangu, fundi makochi, alifariki bila mke, bila mtoto na bila wosia. Mama yangu, dada yake, alimtangulia kwa miaka sita. Nyumba ya Mjomba ina vyumba vitatu nyuma na karakana mbele. Humo ndimo ninamolala, na humo ndimo nilimojifunza kazi tangu nina miaka kumi na saba. Ukinitoa hapo umenitoa na ugali wangu.

Siku ya tatu baada ya mazishi akatokea Mzee Koti, ndugu wa marehemu kwa baba. Anaitwa hivyo kwa sababu koti lake halivui hata jua likiwa la utosi. Kwa haki na yeye ni mjomba wangu, lakini jina hilo nilishampa mtu mmoja na sikuwa na la akiba.

Alikuja na begi moja na futi kamba mfukoni. Sasa niambieni, mtu anakuja matangani na futi kamba ya nini?

Karani wa mirathi ni bwana mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu wanaodanganya. Alituchorea ngazi kwenye karatasi.

"Marehemu hana mke, hana mtoto, wazazi walishakufa," alisema. "Kwa hiyo tunakwenda kwa ndugu. Ngazi ya kwanza ni wa baba mmoja mama mmoja. Akiwa amekufa, mtoto wake anasimama mahali pake. Wakikosekana hao wote ndipo tunashuka kwa wa baba mmoja tu."

"Kwa hiyo mimi niko juu yake," nilisema.

"Ikithibitika, uko juu yake. Yeye hapati kitu."

Mzee Koti akaulizwa kama ana neno. "Mimi nasikiliza tu," akajibu, akakunja mikono ya koti. Mtu anaambiwa hapati kitu na bado anasikiliza tu? Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa.

Na hapo hapo nilifanya jambo ambalo wiki iliyopita nililisimulia kwa kujisifu. Leo nalirudia kichwa nimeinamisha.

Jirani yetu Dobi alikuja ofisini na beseni lake kwapani. Mjomba alimchukua akiwa na miaka tisa, akamsomesha, na mwaka wa mwisho, Mjomba alipokuwa hajiwezi, Dobi ndiye aliyemwosha na kumlisha. Mimi nilikuwa na makochi ya watu. Hakuja kudai nyumba. Alikuja kuomba aendelee kutumia bomba la uani na kamba za kuanikia.

"Mzee alikuwa akiniita mwanangu," alisema.

"Kuitwa si kuzaliwa," nikamkata. "Karani, hebu mwambie. Mtoto wa kulelewa yuko ngazi gani?"

Karani akabadili miwani. "Kama hakuna hati ya mahakama, hana ngazi."

"Umesikia, dada? Huna ngazi."

Dobi akachukua beseni lake akaenda zake. Nami kwa kunogewa nikaongeza: "Tena kila mtu alete uthibitisho wa damu yake. Tusije tukarithishana na wapita njia."

"Vizuri," karani akasema. "Siku kumi. Kila mmoja na ushahidi wake."

Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba wengine tunachimba huku tunaimba.

* * *

Cheti cha kuzaliwa cha Mama nilikitafuta siku tatu. Nilikuta cheti cha Mjomba, cha babu, hata cheti cha chanjo ya mbwa aliyekufa kabla sijazaliwa. Cha Mama hakikuwepo.

Cha mbwa kiwepo, cha Mama kisiwepo? Nikajua kuna mkono wa mtu.

Na mtu mwenyewe alikuwa anakaa mlangoni pa karakana kutwa nzima, kwenye kiti cha Bibi, mama yake Mjomba. Ni kiti cha mikono miwili, kitambaa cha kijani kilichofifia. Mzee Koti alikalia hicho tu. Makochi ya wateja yamejaa, mengine mapya yananukia gundi, yeye kiti cha Bibi. Anakunywa chai hapo, anasinzia hapo, na mkono wake wa kulia unapapasa chini ya ubavu wa kiti.

"Unatafuta nini hapo chini, Mzee?"

"Wapi?"

"Hapo mkono ulipo."

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Napumzisha vidole. Baridi yabisi hii, mwanangu, omba usiipate."

"Hujaona cheti cha Mama?"

"Nitakionea wapi? Mimi sifungui makabati ya watu." Akanywa chai. "Bibi yako alikuwa na moyo mpana, ujue. Hakunizaa, lakini nilikula kwake kuliko kwa mama yangu."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha alikuwa na moyo mpana."

Nikarudi kwenye kazi yangu, lakini nyundo ilinigonga kidole mara mbili. Mtu hawezi kutoa sifa ya bure siku saba kabla ya kesi. Moyo mpana, mkono unapapasa kiti. Nikaviweka pamoja.

Ni lazima mjue desturi ya karakana yetu. Mjomba hakuwahi kuvisha kochi bila kuandika kwenye mbao kabla ya kitambaa kuifunika. Aliandika kwa penseli tarehe, jina la mwenye kochi, na jambo moja la siku hiyo. Mvua imenyesha. Fulani kaoa. Alisema anayekuja kulivua kesho ajue limepitia mikononi mwa watu.

Siku niliyozaliwa mimi imeandikwa ndani ya kochi la daktari wa meno. Daktari mwenyewe hajui mpaka leo amekalia nini.

Na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Miaka zaidi ya ishirini sijawahi kufunika mbao bila kuweka tarehe na alama yangu, sindano ndogo iliyopinda. Mkono unajiandikia wenyewe kama mtu anavyopiga chafya.

Sasa mtu wa namna hiyo, akitaka kuandika wosia, atauandika wapi? Kabatini? Ataandika kwenye mbao za kiti cha mama yake. Na Mzee Koti anajua, ndiyo maana amekiatamia hadi siku kumi zipite.

Ndivyo nilivyowaza, na niliona nina akili sana.

* * *

Alhamisi asubuhi Mzee Koti alikwenda kupimwa macho. Nilimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona, nikarudisha mlango, nikakipindua kiti.

Niling'oa misumari mmoja mmoja kwa patasi na kuiweka mdomoni, kama Mjomba alivyonifundisha. Mikono ibaki mitupu na mdomo usipate nafasi ya kuropoka, ndivyo alivyokuwa akisema. Nikavua kitambaa, nikatoa sponji, nikatoa usumba wa zamani, nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikana kama kiota. Nikainua gunia.

Kwenye ubao wa nyuma kulikuwa na maandishi, lakini si ya uzee wake. Yalikuwa ya Mjomba kijana, herufi kubwa za mtu anayebonyeza penseli kwa nguvu.

*Kiti cha Mama. Cha kwanza kukifanya peke yangu, nimekimaliza leo. Mama wa yule mtoto wa chumba cha nyuma hajarudi, na wapangaji wanasema harudi tena. Mama amesema tusiulize, kuanzia leo ni dada yangu. Ana kama miaka miwili. Leo amenimwagia misumari mara tatu. Nimekubali awe dada yangu.*

Misumari ikanitoka mdomoni ikatawanyika sakafuni.

Nilisoma tena. Nikatafuta tarehe, nikahesabu kwa vidole. Dada alikuwa mmoja tu katika nyumba ile, na alikuwa mama yangu.

Nilikaa chini kwenye usumba nikalia. Nilimlilia Mama kwanza, mtoto wa miaka miwili anayesubiri mlango ufunguliwe na haufunguliwi. Sidhani aliwahi kujua. Angejua angeniambia, Mama hakuwa na kifua cha kuficha hata bei ya vitunguu.

Halafu nikalia mara ya pili, na hayo machozi ya pili yalikuwa ya nyumba. Sitawadanganya, maana nimeshadanganya mahali pa kutosha.

Huna ngazi. Nilimwambia Dobi kwa mdomo huu huu. Kumbe nilikuwa nimesimama naye chini, sakafu moja, na mimi ndiye niliyeiondoa ngazi.

Nikachukua msasa. Mbao kavu, penseli ya zamani, ni kazi ya kuhesabu moja hadi ishirini. Nikauweka msasa juu ya neno la kwanza. Mkono ukakataa.

Mnaweza kuniita mtakavyo, lakini jaribuni ninyi kufuta "Nimekubali awe dada yangu". Kijana yule hakuombwa saini na karani. Alikubali mwenyewe, na akakaa kwenye neno lake miaka zaidi ya hamsini, akanifundisha kazi, akanipa chumba. Sikuweza kulisugua.

Basi nikaamua nitalifunika. Hakuna anayevua kiti cha marehemu. Litakaa pale hadi nife na mimi.

Nikasikia kikohozi cha Mzee Koti kwenye duka la jirani. Sijawahi kufanya kazi haraka namna ile. Gunia, usumba, sponji, kitambaa, misumari ile ile kwenye matundu yale yale. Nilikisimamisha kiti mlangoni na kufagia kwa mguu wakati kivuli cha koti kinaingia.

"Macho yanasemaje?" nikamuuliza.

"Yanaona mbali, karibu hayaoni." Akakaa. Akajiweka sawa, akajiweka tena. "Kiti kimepata joto."

"Jua la mlangoni hilo, Mzee."

"Leo kuna mawingu," akasema, akafumba macho.

Nikageuka niende kupumua uani. Nikapandisha mkono kuweka penseli sikioni, mahali pake pa kila siku. Mkono ukasimama njiani.

Penseli ilikuwa inafanya nini mkononi mwangu?

Nikaanza kujikumbuka hatua kwa hatua. Nimerudisha msasa, nimepiga magoti mbele ya ubao, nimevuta gunia. Na kabla ya gunia, chafya ya mkono. Tarehe ya Alhamisi ile na sindano yangu iliyopinda, mstari mmoja chini ya maneno ya Mjomba.

Mwizi wa kuku huacha manyoya. Mimi niliacha saini na tarehe.

Tangu hapo Mzee Koti hakubanduka. Chakula alikuwa akiletewa pale na kulala alilala pale pale, eti mgongo wake unakipenda. Ijumaa nilimwambia kuna kunguni. Akasema kunguni na yeye wanafahamiana. Jumamosi nilimwambia anaitwa msikitini, akaniuliza na nani, nikakosa jina. Jumapili nikaishiwa uongo.

* * *

Jumatatu tukawa mbele ya karani. Na benchini, beseni mapajani, alikuwa amekaa Dobi.

"Huyu kaitwa na nani?" nikauliza.

"Nimemwita mimi," akasema Mzee Koti.

"Wa nini?"

"Anisindikize. Si umesikia macho yangu karibu hayaoni?"

Karani akafungua jalada. "Dada, cheti cha mama yako?"

"Hakikupatikana."

"Basi kuna njia ya kiapo. Lakini ndugu aliyebaki asiwe na pingamizi." Akamgeukia Mzee Koti na miwani ya kutazamia watu. "Mzee, unapinga kwamba mama wa huyu alikuwa dada wa marehemu?"

Nikashika ukingo wa meza. Nilijua sasa ndipo atakapofungua kinywa. Alikuwa ameninyamazia siku kumi ili anipige mbele ya mhuri.

"Sipingi," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo wao wote. Nilizaliwa nikamkuta dada nyumbani. Sikuwahi kumjua kwa jina lingine."

Angalieni maneno hayo. Nilimkuta. Sikuwahi kumjua kwa jina lingine. Mtu asiyejua kitu husema "ndiyo" na kunyamaza. Au ndivyo tu wazee wanavyozungumza? Nilimtazama usoni sikuona kitu, uso mtulivu kama maji ya beseni.

Karani akanisomea kiapo. Kwamba mama yangu alizaliwa na baba mmoja na mama mmoja na marehemu. Kwamba sijui wala sijaona jambo lolote lililo kinyume.

"Unafahamu kwamba kuapa uongo ni kifungo?"

"Nafahamu."

"Na unaapa?"

Nilimwona Dobi ananitazama bila kinyongo, jambo ambalo lilinikera zaidi. Nikamfikiria Mama. Nikafikiria mlango wa karakana umefungwa kwa kufuli la mtu mwingine, nami nje, na nyundo mfukoni.

"Naapa," nikasema, nikasaini. Karani akaweka tarehe ya Jumatatu na kuugonga mhuri.

Nilijisikia mwepesi na mchafu kwa wakati mmoja. Nyumba ilikuwa yangu. Ningefika, ningekivua kiti kile, safari hii msasa ungefanya kazi yake hata mkono ukikataa.

"Basi na mimi nina ombi," akasema Mzee Koti.

Kwa nini alisubiri mhuri ukauke? Mpaka leo najiuliza.

"Sitaki nyumba, sitaki karakana. Naomba kiti kimoja tu, cha mlangoni. Si changu mimi. Kaka alipokuwa mgonjwa nilikuja kumwona, akanituma. Alisema kiti cha Mama apewe huyu binti aliyemwosha." Akamwonyesha Dobi kwa kidevu. "Alisema kitambaa kivuliwe mbele yake, kwa sababu ndani kuna maneno aliyotaka ayasome mwenyewe. Maneno gani, hakuniambia. Nilikuja na futi kamba nipime mlango wa chumba cha binti huyu kama kiti kitapita. Kinapita."

Dobi akainamisha uso kwenye beseni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Hakuna shida," nikasema. "Nitakivua mimi mwenyewe, nikivishe kitambaa kipya, kisha nimletee. Wiki hii hii."

"Usijisumbue, mpwa wangu. Fundi wa ng'ambo ya barabara nimeshaongea naye, yuko pale mlangoni pa karakana na vyombo vyake anatungoja. Tena nitampa na hiki." Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akaweka kitu mezani, juu ya kiapo changu.

Ulikuwa msumari mmoja mdogo wa kichwa kipana.

"Ulisahaulika Alhamisi," akasema taratibu. "Niliukalia."

Karani akautazama msumari, akanitazama mimi, kisha akabadili miwani. Akavuta orodha ya mali za marehemu, akashusha kalamu hadi kwenye mstari wenye neno kiti.

"Wewe ndiye mrithi," akasema. "Bila ridhaa yako hakiondoki. Una pingamizi kivuliwe leo, mbele yetu?"

Wote watatu wakaniangalia, nami nikafungua mdomo.